Kuta za Shule Zaweza Kufundisha: Watoto Wachorapo Pamoja na Mchoraji

Wasomaji wetu walio wazazi wajua jinsi shule zetu nyingi zilivyo: jengo refu la mawe, mabati juu, na kuta zilizopakwa rangi mbili, iliyokolea chini ili uchafu usionekane, na nyeupe au manjano juu. Mtoto hukaa kati ya kuta hizo saa sita au saba kila siku, mwaka baada ya mwaka, nazo hazimwambii neno. Katika shule nyingine utaona kwamba aliitwa mtu akachora ramani ya Kenya, herufi chache, na wanyama wa katuni za ng'ambo, kisha akalipwa akaenda zake. Watoto walimtazama kwa siku mbili tatu kupitia dirishani, basi.

Makala haya yataka kueleza jambo lililo tofauti. Mchoraji na aitwe shuleni, naam, lakini kazi aifanye pamoja na watoto wenyewe, tangu kuchagua habari itakayochorwa mpaka kuosha brashi jioni. Shule ikifanya hivyo, ukuta mmoja waweza kuwa somo la hesabu, la jiografia, la historia, la lugha na la adabu ya kazi, yote kwa pamoja. Tutatoa mfano wa Kiganjo, katika eneo la Thika na Ruiru, Kaunti ya Kiambu. Tumepachagua mahali hapo kwa sababu mbili: pana mambo mengi ya kuchorwa, tena pako karibu na Murang'a, palipo na picha za ukutani zilizo miongoni mwa mashuhuri kuliko zote katika Afrika Mashariki.

Kuchora ili kufundisha

Wako watu wadhanio kwamba picha ya ukutani ni pambo lililoletwa na wageni. Sivyo. Huko Kondoa, katikati ya Tanzania, mna picha za watu na wanyama zilizochorwa kwa rangi nyekundu juu ya miamba tangu zamani sana, na mwaka 2006 mahali hapo paliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia. Hapa Kenya tunayo miamba ya Kakapel, katika Kaunti ya Busia. Nao Wagikuyu walikuwa na kibuyu cha gicandi, kilichochorwa alama kwa kuchanjwa juu ya ganda lake. Mwimbaji alikishika kibuyu, akaisoma alama moja baada ya nyingine, akaimba mafumbo yaliyomo, na mwenzake akashindana naye kuyafumbua. Yafaa watoto wa Kiganjo walijue jambo hilo kabla hawajashika brashi, kwani gicandi ilitumia picha kuamsha akili za watu kabla shule haijajengwa katika nchi hiyo.

Sasa tuje kwa picha za Murang'a. Mji huo zamani uliitwa Fort Hall. Katika miaka ya Hali ya Hatari, iliyotangazwa mwaka 1952, Wakristo wengi wa Kigikuyu waliuawa, na baadaye likajengwa hapo kanisa kubwa la kuwakumbuka. Aliyechora kuta zake ni Bwana Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu chini ya mlima Kilimanjaro, aliyesoma sanaa katika Chuo cha Makerere kwa Bibi Margaret Trowell. Kazi ilikamilika mwaka 1959. Picha ni tano: kuzaliwa kwa Yesu, ubatizo wake, karamu ya mwisho, Gethsemane, na kusulubiwa. Lakini mtu aingiapo haoni mji wa Wayahudi wala mavazi ya Ulaya. Aona miinuko na miti ya nchi ya Wagikuyu, aona watu wa hapo hapo, na Yesu mwenyewe ni Mwafrika.

Jambo hilo laonekana dogo leo, lakini mwaka 1959 halikuwa dogo. Mtoto aliyekuwa amezoea kuona picha za kitabuni zilizochapishwa mbali aliinua macho akaona kilima kinachofanana na kile alichokipanda asubuhi kuja kanisani. Hapo ndipo elimu ya picha inapoanza: mtu atambuapo kwamba mahali pake pastahili kutazamwa kwa makini. Bwana Njau alikuwa mwalimu pia, si mchoraji tu. Mwaka 1965 yeye na wenzake walianzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa mjini Nairobi, na kwa miaka mingi amejulikana kwa msimamo wake wa kupinga kunakili kazi ya mwingine. Moto uliteketeza kituo hicho mwaka 1997, lakini msimamo huo haukuungua, nasi twauona kuwa ndio msingi wa habari hii yote. Mwalimu amwambiapo mtoto akopi ndovu wa katuni kutoka kwenye karatasi, atapata ndovu, lakini mtoto hatapata kitu.

Nchi nyingine zimepita njia hii kabla yetu. Baada ya vita vya ndani vya Mexico, Waziri wa Elimu wa huko, Bwana José Vasconcelos, aliwaita wachoraji katika mwaka 1922 ili wachore kuta za shule kubwa ya maandalio mjini Mexico, na mwaka uliofuata Bwana Diego Rivera akaanza kuzichora kuta za Wizara ya Elimu yenyewe. Watu wengi wa nchi hiyo hawakujua kusoma, na serikali ilitaka waijue historia yao kwa macho. Picha hizo zingali zikitazamwa mpaka leo. Hata hivyo wachoraji wa Mexico walikuwa watu wazima, mafundi wakubwa, na wanafunzi walikuwa watazamaji. Sisi twazungumza juu ya watoto wenye brashi mkononi.

Ukuta mmoja Kiganjo

Tuseme basi kwamba shule moja ya msingi huko Kiganjo ina ukuta wa nje usio na madirisha, urefu wake mita 6 na kimo chake mita 3. Mwalimu mkuu na halmashauri ya shule wamekubali. Mchoraji amekuja. Swali la kwanza ni hili: tuchore nini?

Mchoraji mwenye haraka atasema, "Nitawachorea simba." Mchoraji mwema atawapeleka watoto nje. Asubuhi kukiwa hakuna mawingu waweza kuuona Mlima Kenya ukiwa kaskazini, na upande wa mashariki u mlima Kilimambogo, ambao ramani nyingi huuita Ol Donyo Sabuk. Yako mashamba ya kahawa, yako mashamba ya mananasi yaliyonyooka mistari kama daftari, viko viwanda vya Thika, iko reli iliyofika Thika mwaka 1913. Kwa upande wa Ruiru kiko kituo cha uchunguzi wa kahawa, ambako ilitolewa katika miaka ya 1980 mbegu iitwayo Ruiru 11, yenye nguvu ya kukinza ugonjwa wa matunda ya kahawa. Ni watoto wangapi wanaopita karibu na mibuni kila siku wajuao kwamba jina la mji wao limeandikwa katika vitabu vya wakulima wa nchi nyingine?

Kwetu sisi, kama tungeulizwa, tungechagua mto. Mto Chania na mto Thika yote miwili yatoka katika milima ya Nyandarua, nayo huungana karibu na mji wa Thika, baada ya kila mmoja kuanguka katika maporomoko yake. Maji yaendelea mpaka mto Tana, yakapita Garissa penye joto na vumbi, yakaingia baharini karibu na Kipini. Juu kabisa, huko Ndakaini, pana bwawa kubwa lililomalizika mwaka 1994, ambalo hupeleka Nairobi sehemu kubwa ya maji yanayonywewa mjini. Ukuta wa mita 6 watosha kuubeba mto wote: theluthi ya kushoto iwe milima na mvua, katikati Thika yenyewe na shule yao ndani yake, kulia nyanda kavu na mwishowe bahari, ambayo wengi wao hawajaiona.

Kabla ya kuchora, watoto watumwe nyumbani na maswali. Babu zao na nyanya zao waulizwe: mahali hapa palikuwaje kabla ya nyumba hizi? Nani alilima mkonge, nani alichuma kahawa, kwa mshahara gani? Mto ulikuwa na samaki? Thika ni mji wa viwanda, na watu wake wametoka kila upande wa Kenya. Kwa hiyo mtoto mmoja atarudi na habari za Murang'a, mwingine za Machakos, mwingine za Kisumu. Habari hizo ziandikwe kwa Kiswahili safi darasani. Hapo somo la insha limekwisha kufundishwa, wala hapana aliyelazimishwa.

Hesabu iliyofichwa ndani ya rangi

Hapa twaomba msomaji avumilie, maana hapa ndipo faida yenyewe ilipo, nasi twataka kuieleza kwa taratibu.

Watoto huchora kwanza katika karatasi yenye urefu wa sentimita 60 na kimo cha sentimita 30. Karatasi hiyo hugawanywa kwa rula kuwa miraba ya sentimita 5. Miraba 12 kwenda upande, 6 kwenda juu, jumla 72. Kisha ukuta nao hugawanywa kwa uzi uliopakwa chaki na kwa timazi, uwe na miraba 72 ile ile, lakini kila mmoja una sentimita 50. Darasa likiwa na watoto 36, kila mtoto apewa miraba miwili yake. (Twajua shule nyingi zina madarasa makubwa kuliko hilo. Likiwa na watoto 72, kila mmoja apata mraba mmoja, hesabu yatoka sawasawa.) Mtoto hutazama mraba wake katika karatasi, akauhamisha ukutani kwa mkaa, naye hapana budi kupatana na jirani zake wanne, wa juu, wa chini, wa kushoto na wa kulia. Kama mto unatoka katika mraba wa Wanjiru kwa kimo cha kiuno chake na kuingia katika mraba wa Otieno kwa kimo cha kifua, mto umekatika, na wote wawili wataliona kosa bila mwalimu kusema.

Kisha lije swali la rangi. Mwalimu aulize: ukuta ni mkubwa kuliko karatasi mara ngapi? Watoto wote watajibu, mara kumi. Basi kama karatasi yahitaji kijiko kimoja cha rangi, ukuta wahitaji vijiko kumi? Waache wajaribu. Wataona rangi inakwisha kabla hata ya milima kumalizika. Ndipo wapime: karatasi ni sentimita za mraba 1,800, ukuta ni sentimita za mraba 180,000. Urefu umeongezeka mara kumi, lakini eneo limeongezeka mara mia. Jambo hilo limo katika vitabu vyao, nao hulikariri kwa mtihani na kulisahau. Aliyeishiwa na rangi katikati ya mlima hasahau.

Ununuzi nao uwe wao. Ukuta wa mita 6 kwa 3 ni mita za mraba 18. Lita moja ya rangi ya maji hufunika mita za mraba 10 hivi kwa mkono mmoja. Rangi ya msingi hupakwa mara mbili, kwa hiyo ni mita za mraba 36, yaani lita 3 na zaidi ya nusu; kopo la lita 4 latosha. Watoto wapelekwe dukani waulize bei, walinganishe maduka mawili, waandike hesabu ya fedha na kuibandika mahali ambapo wazazi waweza kuisoma.

Rangi zenyewe nazo ni somo. Haifai kununua makopo ishirini. Nyekundu, manjano, buluu, nyeupe na nyeusi kidogo zatosha. Zilizobaki hupatikana kwa kuchanganya. Tena watoto wengi wa siku hizi, hasa wa mijini, hawana majina ya rangi kwa Kiswahili ila manne matano. Mchoraji na mwalimu wa lugha wakishirikiana, watoto watajifunza kutenga samawati na buluu, urujuani na damu ya mzee, hudhurungi na kijivu, kwa sababu sasa wanayo haja ya kuyasema: "Niongezee hudhurungi, huu udongo wangu umekuwa mwekundu mno."

Kwamba kuchora husaidia kumbukumbu si maneno ya wachoraji peke yao. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo, huko Kanada, walitoa matokeo ya majaribio yao: watu waliopewa maneno wakayachora waliyakumbuka zaidi kuliko waliopewa maneno wakayaandika, hata kama michoro yao haikuwa mizuri. Waliojaribiwa walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu, si watoto wadogo. Lakini mwalimu ye yote aliyewahi kumwambia mtoto achore moyo wa mtu na mishipa yake atakubali kwamba habari hiyo haimshangazi.

Wazazi wasemavyo

Yako manung'uniko, na si haki kuyapuuza. Mzazi wa Kiganjo afanyaye kazi kiwandani, au auzaye mboga sokoni, atauliza: "Nimemleta mtoto asome, apite mtihani, apate kazi. Mbona mnampaka rangi?" Swali hilo lina uzito. Tangu mwaka 1985 mpaka mtihani wa mwisho wa darasa la nane wa mwaka 2023, mtoto wa Kenya alipimwa kwa karatasi ya mtihani, na lisilotahiniwa lilipewa nafasi ndogo. Mtaala wa umilisi, ulioanza katika madarasa ya chini mwezi wa Januari 2019, wataja waziwazi ubunifu, ushirikiano na kutatua matatizo kuwa miongoni mwa mambo ambayo mtoto apaswa kuyapata. Hata hivyo wazazi wengi wamelalamika kwamba mtaala huo huwaagiza vifaa kila juma. Ukuta wa pamoja una nafuu katika jambo hilo: makopo machache yatumiwa na darasa zima, wala hapana mtoto anayeaibika kwa kukosa kifaa chake.

Lakini jibu kubwa zaidi ni mtoto yule ambaye kila mwalimu amjua. Hukaa nyuma. Kusoma kwamshinda, na kwa sababu kwamshinda amekwisha jihesabu kuwa mjinga, na karibu ataacha shule. Huenda mtoto huyo ana jicho la kupima. Mwite ukutani, mpe uzi na timazi, na mara nyingi utakuta wenzake wanamwita wamwulize kama mstari umenyooka. Hatusemi kwamba ukuta utamfundisha kusoma. Twasema kwamba mtoto aliyeheshimiwa na wenzake siku ya Jumanne ni rahisi kumfundisha siku ya Jumatano.

Tena si lazima kazi yote iwe ya macho. Katika Thika iko shule ya vipofu iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946, na kwa watoto wasioona, au wanaoona kwa shida, ukuta waweza kufanywa kwa lipu iliyoinuliwa: mto uwe mfereji unaopitisha kidole, mlima uwe uvimbe, miti iwe michomo ya kijiti katika lipu mbichi. Shule yo yote yaweza kufanya hivyo sehemu ya chini ya ukuta. Watoto wadogo watapapenda hapo kuliko penginepo pote.

Mambo ya kuangaliwa

Juu ya mchoraji: halmashauri impatie malipo ya haki na kuyaandika. Yeye ni mwalimu wa muda, wala hafai kuitwa kwa bure eti kwa kuwa "anapenda kazi yake." Lakini apatane na shule mapema kwamba hatashika brashi ya mtoto na kumsahihishia mlima. Jambo hilo huwashinda wachoraji wengi, hasa siku ya mwisho, wakijua kwamba wageni watakuja kutazama. Ukuta uliosahihishwa na fundi huwa mzuri zaidi, nao huwa wa fundi.

Juu ya ukuta wenyewe: usianze kabla lipu mpya haijakauka, na hilo huchukua majuma kadhaa. Ukuta wa zamani upigwe msasa, uoshwe, na palipo na unyevu pachunguzwe, kwani maji yapandayo kutoka chini hubandua rangi hata iwe ya bei gani. Ukuta unaopigwa na mvua ya masika moja kwa moja usichaguliwe kama upo mwingine wenye ukingo wa paa. Kazi ya juu ya jukwaa aifanye mchoraji au mwalimu. Watoto wachore mpaka pale mikono yao inapofika wakisimama chini, au juu ya benchi imara.

Juu ya rangi: ulizeni dukani kama haina madini ya risasi, na someni kopo. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, wala haina dalili anapoipokea. Kiwango kinachopendekezwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa hakizidi sehemu 90 katika milioni. Rangi ya maji ni bora kwa kazi hii kuliko rangi ya mafuta, kwa kuwa brashi huoshwa kwa maji matupu, na watoto hawavuti mvuke wa tapentaini. Makopo matupu yasigeuzwe kuwa vyombo vya kuchotea maji ya kunywa.

Hata ukuta ulioandaliwa vema huanza kupauka baada ya miaka michache. Kwa hiyo ile karatasi ya kwanza yenye miraba 72 isitupwe. Iwekwe katika ofisi ya mwalimu mkuu pamoja na kipimo cha kila mchanganyiko wa rangi, vijiko vingapi vya buluu kwa vingapi vya manjano, ili darasa litakalokuja litengeneze miraba iliyoharibika. Na kama darasa hilo litaona kwamba mto umebadilika, yaani umepungua maji, au nyumba zimefika ukingoni, liwe na ruhusa ya kuuchora jinsi lilivyouona.